Injini imetoka ovahoo inavuja kulanti: tafuta inapotokea kabla hujagusa hedi

Umemaliza kufunga injini baada ya ovahoo, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, gasketi zote mpya, wota pampu mpya, mipira mipya, umejaza kulanti (maji ya kupozea injini), unainama chini na tochi unakuta tone linaning'inia kwenye mdomo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unalifuta kwa kidole, baada ya dakika mbili lipo tena pale pale. Sasa hapo ndo watu wengi wanapoharibu, maana mtu wa kwanza kuambiwa atasema hedi gasketi hiyo (ile inayokaa kati ya bloku na hedi, kichwa cha injini), fungua, na mwingine atasema mwaga dawa ya kuziba humo itajiziba yenyewe. Zote mbili achana nazo kwanza. Injini iliyofungwa upya mara nyingi inavuja sehemu ndogo ndogo zilizoguswa wakati wa kufunga, klempu haijakaa, plagi ya bloku imeingia upande, bolti inayoingia kwenye maji imefungwa kavu, na hedi ni ya mwisho kabisa kuituhumu, siyo ya kwanza.

Kama injini inaunguruma na inavuja, zima. Na kama ina moto usifungue kifuniko cha rejeta hata kama una haraka kiasi gani, kile kifuniko ndo kinachoshikilia presha inayozuia maji yasichemke, ukikifungua tu yanachemka hapo hapo na kukurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza na ukiuminya uwe laini. Kingine, kulanti nyingi zina glaiko ambayo ni sumu na ina utamu, mbwa na paka wanailamba na mtoto anaweza kuionja, kwa hiyo weka beseni chini, kilichomwagika futa, na usiache kopo wazi.

Je, kweli inavuja?

Swali la kijinga lakini uliza. Injini mpya ikijazwa kwa mara ya kwanza huwa ina hewa imenasa ndani, kwenye hedi, kwenye hita, nyuma ya thamostati, ile valvu inayofungulia maji yakipata moto. Ukiiwasha, thamostati ikafunguka, ile hewa inatoka na maji yanashuka kwenye rejeta, unaweza kuongeza lita nzima au zaidi na hakuna hata tone lililovuja. Pia wakati wa kujaza huwa yanamwagika kidogo, yanaingia kwenye mabonde ya bloku, juu ya gabosi, nyuma ya manifodi, halafu yanaendelea kudondoka taratibu siku nzima kukudanganya. Na maji yanayotoka kwenye ekzosi asubuhi injini ikiwa baridi ni mvuke wa kawaida wa kuungua kwa mafuta, hilo lisikutie presha, labda moshi uendelee kuwa mweupe mzito hata injini ikishapata moto na una harufu ya utamu utamu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kweli ni kuosha. Osha injini yote kwa maji na sabuni ya kuondoa grisi, funika umeme, kisha piga hewa ya kompresa kila kona mpaka ikauke kabisa, hasa kwenye mashimo ya bolti na sehemu ya juu ya gabosi inapoungana na bloku. Ukipata poda ya kawaida ile ya kupaka mwilini nyunyiza kidogo sehemu unazozishuku, tone likipita linaacha mstari mweusi unaouona hata ukiwa mbali. Tandika boksi safi chini ya gari. Usipofanya hivi utakuwa unafukuza maji ya juzi.

Piga presha injini ikiwa baridi

Kama kuna kifaa kimoja cha kuazima au kununua kwa ajili ya kazi hii ni ile pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa pale kifuniko cha rejeta kinapokaa. Bila hiyo unabahatisha tu. Na ukiniuliza mimi, injini yoyote iliyofungwa upya inatakiwa ipigwe presha KABLA haijawashwa hata mara moja, tena kabla hujafunga vitu vinavyoziba njia kama altaneta na mabomba ya hewa. Sababu yake ni hii: injini za kizamani zenye tapeti bapa zinazosugua moja kwa moja kwenye kemu (shafti inayofungua valvu), zisizo na rola, zikiwashwa mara ya kwanza zinatakiwa zishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika moja, kwa muda wa dakika 20 au zaidi, bila kuachwa sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), la sivyo kemu inalika. Sasa fikiria uko dakika ya tano mpira unachomoka, unazima au unaendelea? Ukizima kemu iko hatarini, ukiendelea injini inachemsha. Kwa hiyo malizana na maji kwanza.

Inafanyika hivi. Jaza mfumo mpaka juu, unaweza kutumia maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, ili ukilazimika kumwaga usipoteze kulanti ya hela, ila jua kwamba kulanti inapenya kwenye vinjia vidogo kuliko maji matupu, kwa hiyo ukishaziba rudia kipimo na kulanti yenyewe. Na kama mahali ulipo panaganda usiache maji matupu humo usiku. Angalia namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, nyingi ziko 0.9 au 1.1, hiyo ni ba, yaani kama psi 13 na 16. Pampu mpaka hiyo namba, usizidishe, ukizidisha utapasua kitu ambacho kilikuwa hakina tatizo. Sasa acha. Mshale unaweza kushuka kidogo mwanzoni mipira ikitanuka, pampu tena ufike kwenye namba kisha subiri, dakika 15 ni chini kabisa, nusu saa ni vizuri zaidi. Mshale ukishuka, kabla hujaanza kulia angalia kwanza pale pampu yenyewe ilipofungwa, raba zake huwa zinavuja kuliko injini.

Halafu pima na kifuniko pia, pampu nyingi zinakuja na adapta yake. Kifuniko kilichochoka kinamwaga kulanti kwenye tangi la akiba na mtu anafungua hedi bure.

Fuata maji kwenda juu

Maji yanashuka, feni inayapuliza kwenda nyuma, kwa hiyo tone la kwenye sampu halina maana yoyote, unachotafuta ni sehemu ya JUU KABISA yenye unyevu. Chukua tochi na kioo kidogo chenye mkono mrefu, anza chini panda nacho. Sehemu kavu ikianza, rudi hatua moja, hapo ndo penyewe. Kama haionekani kabisa kuna dawa ya rangi inayowaka kwenye taa ya zambarau, unaimwaga ndani ya kulanti, unaacha izunguke, unamulika gizani na inang'aa kijani njano mpaka kwenye mkwaruzo mdogo.

Mipira na klempu ndo pa kuanzia. Mara nyingi mpira mpya umevalishwa kwenye shingo ya zamani yenye kutu au mabaki ya raba ya zamani, hapo klempu ukaze mpaka ipasuke itavuja tu. Vua, piga msasa laini, safisha, vaa tena, na klempu ikae nyuma ya ule ukingo uliovimba wa shingo, siyo juu yake. Inayovuja ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto karibu kila mara ni klempu au mpira, kwa sababu chuma na raba vikipoa vinasinyaa na kuachia. Zile klempu za springi zinajirekebisha zenyewe, mimi nazipenda kuliko za skrubu, ingawa za skrubu ndo zinaonekana imara.

Nyumba ya thamostati inahitaji jicho. Thamostati inatakiwa ikae ndani ya kile kibonde chake, ikiteleza nje kidogo wakati unafunga, ile nyumba inakaa juu ya ukingo wa thamostati, unakaza upande mmoja, sikio linapasuka, au halipasuki ila gasketi haibanwi sawa. Kabla hujakaza jaribu kuichezesha kwa mkono, ikiwa inayumba kuna kitu katikati. Na ile pini ndogo ya kupitisha hewa iangalie juu.

Wota pampu ina tundu dogo chini ya shafti. Pampu mpya inaweza kutoa unyevu kidogo pale mwanzoni sili ikijizoesha, hiyo iache uangalie, lakini ikiwa inatoa matone mfululizo sili imekufa na haitapona, badilisha. Kama inavuja pembeni kwenye gasketi, chomoa bolti uzipange. Pampu nyingi zina bolti ndefu na fupi, ukiweka ndefu kwenye tundu fupi inagota chini kabla haijabana, toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) inakwambia imekaza kumbe imekaza hewa, gasketi iko huru. Hili ni kosa la kawaida mno na halionekani kwa macho.

Sasa bolti zenyewe. Injini nyingine zina matundu ya bolti yaliyotoboka mpaka kwenye njia za maji, mfano unaojulikana ni zile V8 ndogo za Chevrolet zilizoanza 1955, bolti zake za hedi zinaingia ndani ya maji moja kwa moja. Bolti ya namna hiyo ukiifunga kavu, kulanti inapanda na nyuzi za bolti na kutokea chini ya kichwa chake, unakuta kipete cha ukoko wa kijani kimezunguka kichwa cha bolti na juu yake hakuna unyevu. Hapo gasketi haina kosa. Dawa ni kutoa hiyo bolti moja, kusafisha nyuzi za bolti na za tundu, kukausha, kupaka sili ya nyuzi (ile laini ya kuzuia maji, siyo gundi ya kukazia nati) na kurudishia kwa toki ya mtengenezaji. Kama ni ya hedi, punguza kulanti kwanza mpaka chini ya usawa wa hedi, fanya moja baada ya nyingine, usilegeze mbili kwa mpigo, na kama ni zile bolti za kukazwa kwa kipimo cha pembe (digrii) hazirudiwi, weka mpya.

Plagi za bloku, vile vifuniko vya bati vya duara ubavuni, nyuma na wakati mwingine mbele ya bloku. Ziliwekwa kufunga matundu ya kutolea mchanga wakati bloku inamiminwa kiwandani, na kwenye ovahoo bloku ikipelekwa kuchemshwa na kuoshwa huwa zinatolewa zote na kuwekwa mpya. Hapa ndo mahali pangu pa kwanza kumulika nikisikia injini imetoka kwenye mashine inavuja. Plagi ikipigwa na nyundo katikati inakunjika na kingo zinaachia ukuta, ikipigwa upande inaingia mshazari, na tundu likiwa na kutu au mkwaruzo hata plagi nzuri itatoa jasho. Inatakiwa tundu lisafishwe mpaka liwe chuma cheupe, lipakwe sili nyembamba, na ipigwe kwa kitu cha duara kinachoingia ndani ya ile bakuli kikigusa ukingo sawasawa, ikae sawa na saizi yake isizame mno. Inayotoa jasho usiipigepige tena ikae, ing'oe weka nyingine. Mbaya zaidi ni ya nyuma ya bloku, inayofichwa na gabosi, kulanti inatokea pale injini inapokutana na gabosi na kila mtu anadhani ni oili sili ya nyuma. Gusa kwa kidole tu, usionje kwa ulimi: oili inateleza na haichanganyiki na maji, kulanti inanata kidogo na inanukia.

Kwenye injini za V angalia pembe za manifodi ya juu, mbele na nyuma, njia za maji zinapita pale. Kama hedi au bloku imekwanguliwa mashine, hedi zinashuka na kusogeleana, manifodi haikai tena kama zamani mpaka nayo ikwanguliwe. Ukiona gasketi ya manifodi inavuja kila ukibadilisha, sababu ni hiyo, gasketi ya tatu haitasaidia.

Sensa ya joto yenye waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake, ukiizungushia tepu nyingi isivuje geji inaanza kusema uongo, paka sili kidogo inatosha. Koki ya kumwagia maji kwenye bloku na kwenye rejeta, mabomba ya hita kwenye ukuta wa injini, hayo pitisha mkono tu.

Presha inashuka na nje ni kukavu

Angalia kwanza zulia la miguu upande wa hita, likiwa limelowa na vioo vinapata ukungu unaonata, ni rejeta ya hita. Kama hapana, basi maji yanaingia ndani ya injini na USIIWASHE. Kulanti ikiingia kwenye oili inaua beringi mpya haraka sana, na ikijaa kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana maji, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Acha gari imesimama usiku mzima, asubuhi kabla ya kuizungusha legeza plagi ya sampu taratibu bila kuitoa. Kulanti ni nzito kuliko oili kwa hiyo iko chini kabisa, kitakachotangulia kudondoka ndo jibu. Ikitoka oili safi toka tone la kwanza, kaza, huko pazima. Povu la maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake halitoshi kuhukumu, safari fupi fupi za baridi nazo zinaleta.

Kipimo cha pili, toa plagi za spaki zote (au nozeli kwa dizeli), piga presha ya maji, acha masaa kadhaa. Kata umeme wa koili na pampu ya mafuta, kaa pembeni, zungusha kwa stata. Silinda yenye shida itatema maji kupitia tundu la plagi. Ukiwa na kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu, utaona pistoni moja imesafishika imeng'aa kuliko wenzake. Njia nyingine ni kupeleka pistoni juu kabisa kwenye kompresheni, unaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi na kuangalia mdomo wa rejeta, mapovu yakija mfululizo umepata silinda. Lakini hewa inaweza kuizungusha kranki ghafla, usiache spana kwenye puli na vidole viwe mbali.

Kama vipimo hivyo havikuonyesha maji kwenye oili wala kwenye silinda, hapo unaweza kuwasha, kuna dawa ya bluu inayopima moshi kwenye rejeta, injini ikiunguruma unavuta hewa ya juu ya maji kupitia ile dawa, ikigeuka njano moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Usiruhusu kulanti yenyewe iingie kwenye kile kichupa, inaharibu jibu.

Na kabla ya hedi kuna mtuhumiwa mwingine: kipoza oili kinachopitisha maji na oili pamoja. Kikitoboka ndani unapata maziwa yale yale, na hedi haina habari. Kitoe, kipige hewa ndani ya ndoo ya maji. Dizeli zenye slivu za maji (silinda za kuchomeka zinazozungukwa na maji) zina o-ringi chini ya slivu, ikikatwa wakati wa kuingiza slivu maji yanashuka moja kwa moja kwenye sampu. Fungua sampu, piga presha, lala chini utazame juu, utaona slivu gani inadondosha.

Sasa kama ni hedi kweli

Fungua lakini usikimbilie kununua gasketi na kufunga. Isome ile uliyotoa, maana gasketi mpya haifi bila sababu. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na juu ya bloku, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, pitisha fila geji (visu vyembamba vya kupimia upenyo) chini yake. Watengenezaji wengi wanakomea karibu milimita 0.05, ila namba ya injini yako ndo sheria. Gasketi za chuma za matabaka zinataka uso laini zaidi kuliko zile za kizamani za nyuzi, hedi iliyokwanguliwa kwa mistari mikali ukiweka gasketi ya chuma inavuja hata iwe imenyooka. Usisafishe kwa diski ya msasa ya kuzunguka kwenye alumini, inachimba mabonde usiyoyaona na vumbi lake linaingia kwenye oili.

Angalia kama gasketi ilikaa upande wake, nyingine zina alama ya mbele na ukigeuza unaziba njia za maji. Kwa slivu angalia zimetokeza juu ya bloku kiasi gani na kama zinalingana. Matundu ya bolti yasiyotoboka yasiwe na tone la oili wala maji chini, bolti ikiyakandamiza inaweza kupasua bloku, na hata isipopasua inakudanganya kwenye toki. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa mpangilio wa kitabu. Kukaza tena baada ya moto ni kwa gasketi zinazodai hivyo tu. Kama umepima vyote viko sawa na bado inavuja, peleka hedi ipigwe presha ndani ya maji ya moto, ufa mwingine haufunguki mpaka chuma kipate joto.

Zile dawa za kuziba najua zina watetezi, na kuna viwanda vya magari vilivyowahi kuweka vidonge vya kuziba kwenye injini mpya. Kwa jasho dogo kwenye bloku la chuma naelewa. Kwa klempu iliyolegea au gasketi iliyobanwa vibaya, hapana, inapunguza njia za hita na rejeta mpya na tatizo liko pale pale. Na silikoni vilevile: utepe mwembamba, acha ikauke kadiri kopo linavyosema, nyingi ni masaa 24 kabla ya kujaza. Inayobubujika nje ujue nyingine kama hiyo iko ndani inaelekea kwenye rejeta.

Kujaza na kuwasha

Kama maji yaliingia kwenye oili, mwaga oili na filta kwanza, weka ya bei rahisi, iungurume kidogo, mwaga tena, ndo uweke nzuri. Kulanti ya kuchanganya weka nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, iliyochanganywa tayari usiiongezee maji, na aina mbili usizikutanishe hata kama rangi zinafanana. Inua pua ya gari, fungua hita mwisho, fungua skrubu za kutolea hewa kama zipo, jaza polepole sana huku ukiminya mpira wa juu. Washa, hita ikianza kupuliza moto na mpira wa chini wa rejeta ukawa wa moto, thamostati imefunguka. Hita ikipuliza baridi wakati geji iko juu, bado kuna hewa.

Izime ipoe kabisa, siyo uvuguvugu. Kaza klempu za skrubu nusu zamu, ongeza kwenye tangi la akiba, piga alama ya kalamu kwenye usawa wa maji ikiwa baridi. Rudia hivyo baada ya kila safari kwa safari za mwanzo mwanzo. Ikishuka kidogo mara ya kwanza na ya pili halafu ikasimama, ilikuwa hewa. Ikiendelea kushuka kwa kiasi kile kile kila safari, rudi kwenye pampu ya presha, na safari hii ipige injini ikiwa na moto kidogo, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa kwa usalama, maana huenda unatafuta ufa unaojificha kwenye baridi.